Nani Abebe Kosa la Mashine?

Msomaji kijana, huenda umekwisha kuulizwa na mzazi wako au na mwalimu wako ungependa kufanya kazi gani utakapomaliza masomo. Zamani jibu la swali hili halikuwa na aina nyingi. Mmoja alitaka kuwa mwalimu, mwingine mganga, mwingine wakili, na mwingine rubani. Siku hizi, katika kila darasa nifundishalo, hawakosi watatu au wanne wasemao kwamba wanataka kuwa wahandisi wa programu za kompyuta katika kampuni kubwa ya fedha huko Nairobi. Niwaulizapo sababu, hujibu kwamba mshahara ni mzuri, ofisi ni safi, na kazi yenyewe haichafui mikono.

Sababu mbili za kwanza sina la kuzipinga. Sababu ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa maana si kweli. Hakuna kazi isiyoweza kuchafua mikono. Uchafu wa mkulima na wa fundi wa magari huonekana, na maji na sabuni huutoa. Uchafu wa kazi nyingine hauonekani, na kwa hiyo mtu huweza kulala nao, kula nao na kuzeeka nao, akidhani kwamba yu safi.

Swali nitakalo tulifikiri pamoja ni hili: mashine ikimdhulumu mtu, nani aliyemdhulumu? Je, ni mashine yenyewe, ambayo haina moyo? Je, ni kampuni, ambayo haina mwili? Au ni mtu yule aliyeketi mbele ya kompyuta, akaandika maagizo ambayo mashine iliyafuata?

Kwanza tuijue kazi yenyewe, maana hukumu isiyotanguliwa na maarifa ni upofu. Kompyuta ya kuweka hesabu za fedha hufuata maagizo. Maagizo hayo huitwa programu, na mtu ayatungaye huitwa mhandisi wa programu. Ukimtumia ndugu yako shilingi 500 kwa simu kutoka Mombasa hata Kisumu, hakuna noti isafiriyo njiani. Kitu kinachosafiri ni habari tu. Mahali fulani hesabu yako hupunguzwa 500, na hesabu ya ndugu yako huongezwa 500. Tangu Machi 2007, Safaricom ilipoanzisha M-Pesa katika nchi yetu, mamilioni ya watu wamekabidhi jasho lao kwa habari ya namna hii. Muuza samaki, dereva wa matatu, mwalimu na waziri, wote huamini kwamba tarakimu iliyo katika kioo cha simu ni kweli. Imani hiyo ikiondoka, biashara nzima huanguka siku moja.

Kwa kuwa fedha imekuwa habari, kuna sheria ambazo mhandisi mwaminifu hazivunji. Sheria mojawapo ni ya kale. Mwaka 1494, mtawa wa Italia aliyeitwa Luca Pacioli alichapisha kitabu mjini Venice, na ndani yake alieleza desturi ya wafanyabiashara wa huko ya kuandika kila jambo la fedha mara mbili: mahali ilikotoka na mahali ilikoingia. Kwa desturi hiyo senti haiwezi kuzaliwa bila mama wala kufa bila kaburi. Mpaka leo programu nzuri za fedha husimama juu ya msingi huo.

Sheria ya pili ni kwamba jambo litimie lote, au lisitimie hata kidogo. Haifai hesabu yako ipunguzwe, kisha umeme ukatike kabla hesabu ya ndugu yako haijaongezwa. Sheria ya tatu ni kwamba jambo moja lihesabiwe mara moja, hata kama limesemwa mara kumi. Mtu akibonyeza kitufe na simu ikanyamaza, atabonyeza tena. Ndivyo tulivyo wanadamu. Mhandisi mwenye busara hulijua hilo mapema. Hulipa kila ombi namba yake, ili ombi lile lile lirudipo mara ya pili mashine iseme, “Hili nimekwisha kulipokea.”

Sheria ya nne huenda ikawashangaza wanafunzi wa hesabu. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kama vile sisi tusivyoweza kuimaliza theluthi moja tukiiandika kwa desimali, maana 0.333 huendelea bila mwisho, ndivyo kompyuta isivyoweza kuiandika sehemu moja ya kumi kwa ukamilifu. Asiyejua hili ataweka shilingi 12.10 kama ilivyo, na punje ndogo itapotea au itaongezeka. Ajuaye ataweka senti 1,210, namba nzima isiyo na mkia. Punje moja si kitu. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na miamala milioni kwa siku si haba.

Nimetaja kibaba. Wazee wetu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Muuzaji mwenye hila aliweza kuwa na pishi mbili dukani, kubwa ya kununulia na ndogo ya kuuzia. Walakini mnunuzi alikuwa na macho. Aliweza kuitazama pishi, kuishika, kuitia mkono ndani aone kama chini kumetiwa nta, na hata kuleta pishi yake kutoka nyumbani. Pishi ya leo imo ndani ya kompyuta. Mnunuzi haioni, haishiki, wala hawezi kuleta ya kwake. Huona jibu tu. Kwa sababu hiyo ulinzi uliokuwa katika jicho la mnunuzi umehamia katika dhamiri ya mtu aliyeitengeneza pishi. Huu ni mzigo mkubwa, na aghalabu mbebaji wake ni kijana wa miaka ishirini na mitano.

Sasa nitakueleza jambo lililonipata mimi mwenyewe. Silielezi kwa kujisifu, kwa kuwa ndani yake mimi ndimi mwenye kosa.

Shangazi yangu huuza mboga katika soko la Kongowea. Hakusoma zaidi ya darasa la pili. Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, nilipokuwa nimetoka chuoni na cheti changu kikiwa bado kinanukia wino, alikopa shilingi 3,000 kwa simu katika kampuni moja ya mikopo ili aongeze bidhaa. Alikubali kulipa shilingi 100 na ziada kidogo kila jioni kwa siku 30. Kila jioni alipokwisha kulipa, alichora mstari mmoja kwa kaa la jiko katika ukuta wa chumba chake. Siku ya thelathini alihesabu mistari, akafurahi. Kesho yake simu ikamwambia kwamba amelipa mara 28, kwamba yu nyuma kwa siku mbili, na kwamba faini imeanza kuhesabiwa.

Alinijia mimi, msomi wa ukoo. Aliniongoza mpaka chumbani, akanionyesha ukuta. Nilihesabu mistari 30. Nilitazama simu, nikaona 28. Ndipo nikasema maneno ambayo natamani yangalirudi kinywani: “Shangazi, mashine haikosei. Huenda siku mbili ulichora ukasahau kulipa.” Alinitazama kwa kitambo, asiseme neno. Kisha alilipa tena siku zile mbili pamoja na faini, kwa kuwa aliogopa jina lake lisipelekwe katika orodha ya wadaiwa wabaya akakosa mkopo siku nyingine.

Baada ya miezi miwili ulimfikia ujumbe wa mstari mmoja. Ulisema kwamba kulikuwa na hitilafu, na kwamba fedha zake zimerudishwa. Nilikwenda kumpa pole, nikidhani kwamba mambo yamekwisha. Akaniambia, “Mwanangu, fedha zimerudi. Lakini siku zile mbili ulizonifanya mwongo katika nyumba yangu, nani atazirudisha?”

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, naye alinisamehe, maana shangazi ni mzazi. Lakini tangu siku hiyo sijasema tena kwamba mashine haikosei.

Rafiki yangu niliyesoma naye shule ya sekondari ni mhandisi wa programu katika kampuni ya fedha iliyokaa miaka mingi. Nilimweleza kisa hiki alipokuja likizo. Hakushangaa. Alichukua kijiti, akachora mchangani duara mbili na mstari kati yake. “Hii ni kompyuta ipokeayo malipo,” alisema, “na hii ni kompyuta iwekayo hesabu ya mkopo. Ya kwanza huipelekea ya pili habari. Sasa mtandao ukikatika hapa katikati, ya kwanza imepokea fedha na ya pili haina habari. Asiyeandika maagizo ya saa hiyo ya kukatika, amejenga daraja la siku za jua tu.” Kisha akafuta mchoro wake kwa mguu, akasema polepole, “Ya namna hiyo na mimi nimepata kuiandika.”

Huenda ukasema, msomaji, kwamba shilingi 200 za mwanamke mmoja si jambo la kutungiwa insha. Basi tazama yaliyotokea Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 Posta ya nchi hiyo ilitia katika matawi yake programu ya hesabu iliyoitwa Horizon, iliyotengenezwa na kampuni ya ICL, ambayo ilikuwa mali ya Fujitsu ya Japani. Matawi mengi yalisimamiwa na watu wa kawaida, wenye maduka madogo katika vijiji na mitaa, na mkataba wao uliwataka walipe upungufu wa fedha uliotokea kwa kosa lao. Programu ilipoanza kuonyesha upungufu, watu hao waliulizwa, “Fedha ziko wapi?” Walisema kwamba hawakuiba. Wakaambiwa kwamba kompyuta imeonyesha hivyo. Wengine waliuza nyumba zao wakalipa deni lisilokuwako. Zaidi ya watu 900 walihukumiwa makosa ya wizi, udanganyifu na hesabu za uongo kati ya mwaka 1999 na 2015, na baadhi yao walifungwa gerezani. Mwaka 2010 mmoja wao alipelekwa gerezani akiwa mjamzito.

Na mahakama? Kanuni yao ilikuwa kudhani kwamba kompyuta imefanya kazi sawasawa mpaka ziletwe dalili za kinyume. Lakini muuza duka wa kijijini atazipata wapi dalili zilizomo ndani ya mashine ya kampuni? Unaona, msomaji, kwamba majaji wenye elimu walisema maneno yale yale niliyomwambia shangazi yangu mbele ya ukuta wake.

Watu 555, wakiongozwa na Alan Bates, aliyekuwa msimamizi wa tawi huko Wales, waliishtaki Posta katika Mahakama Kuu ya London. Desemba 2019 Jaji Peter Fraser aliamua kwamba programu ile ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja. Mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria ya kufuta hukumu za mamia ya wengine kwa pamoja. Wapo waliokufa kabla majina yao hayajasafishwa.

Nitakupa mfano mmoja wa kasoro hizo, kwa kuwa unahusu sheria ya tatu niliyoitaja. Oktoba 2015, katika tawi la Dalmellington huko Scotland, msimamizi alitaka kuandika pauni 8,000 zilizohamishwa kutoka tawi moja hata jingine. Alibonyeza, mashine ikakaa kimya. Akabonyeza tena na tena. Mashine iliandika mara nne, yaani pauni 32,000, na hesabu zikaonyesha upungufu wa pauni 24,000 ambazo hazikupata kuwako duniani. Jambo moja lilihesabiwa mara nne.

Na kubwa kuliko yote ni hili: kesi ile ilidhihirisha kwamba wahandisi walikuwa na orodha ya kasoro zijulikanazo, wakiandika ndani yake matatizo waliyoyaona. Mafundi walijua kwamba mashine hukosea, huku wasimamizi wakihukumiwa kana kwamba haikosei. Maarifa yalikuwa chumba kimoja, na hukumu chumba kingine, na mlango kati yao ulifungwa.

Sasa turudi katika swali letu. Nani abebe kosa? Nimewasikiliza watu wengi wakijitetea, na utetezi wao nauona wa namna tatu.

Wa kwanza husema, “Mimi ni mmoja kati ya mia. Programu hii imeandikwa na wengi. Nimeshika kipande kidogo tu.” Ni kweli kwamba katika kampuni iliyokaa miaka mingi mhandisi hajengi nyumba mpya. Rafiki yangu huniambia kwamba muda wake mwingi huutumia kusoma maandishi ya watu waliokwisha kuondoka, na ziko siku afutapo mistari mingi kuliko aandikayo. Lakini mtu arithiye nyumba huirithi pamoja na ufa wake. Hakuutia ufa yeye, wala hatuna haki ya kumlaumu kwa hilo. Twamlaumu akiuona akautundikia pazia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika nyumba hii ukuta ukianguka huwaangukia wapita njia. Tena dhamana haigawanyiki kama mkate. Watu kumi wakigawana mkate, kila mmoja hupata sehemu ya kumi. Watu kumi wakiona mtoto anazama kisimani, kila mmoja ana wajibu mzima wa kumwokoa, si sehemu ya kumi ya wajibu.

Wa pili husema, “Nikikataa mimi, ataandika mwingine.” Huenda akaandika. Lakini swali tuliloulizwa halikuwa kama jambo litatendeka. Tuliulizwa litatendwa na mkono wa nani. Mwizi naye aweza kusema kwamba, asipoiba yeye, ataiba mwenzake, na hakuna hakimu amwachiaye kwa hoja hiyo. Tena mara nyingi huyo mwingine hayuko. Mhandisi wa kwanza akisema kwa adabu, “Bwana mkubwa, jambo hili litawadhuru wateja, na sababu zake ni hizi,” wa pili hupata moyo wa kusema, na wa tatu vivyo hivyo. Kimya huambukiza, na ushujaa nao huambukiza.

Wa tatu husema, “Sheria haikatazi.” Huyu tumjibu kwa habari za nchi yetu wenyewe. Ilikuwako miaka ambayo baadhi ya wakopeshaji wa simu waliingia katika kitabu cha majina kilicho ndani ya simu ya mkopaji, na alipochelewa kulipa, waliwapigia mama mkwe wake, mwajiri wake na rafiki zake, ili wamwaibishe. Wakati huo hapakuwa na sheria iliyowaweka wakopeshaji hao chini ya Benki Kuu. Sheria ya Ulinzi wa Data ilipatikana mwaka 2019. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwazuia wakopeshaji wasiosimamiwa wasipeleke majina ya watu katika ofisi za kumbukumbu za mikopo, na ikakataza mtu kuorodheshwa kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Sheria ya kuwasimamia wakopeshaji hao ilitungwa mwaka 2021, na kanuni zake zikatoka mwaka 2022. Lakini kabla ya sheria hizo zote, alikuwako mtu aliyeketi akaandika maagizo haya: “Fungua kitabu cha majina. Chukua namba zote.” Je, jambo lile lilikuwa jema mwaka 2018 likageuka kuwa ovu mwaka 2022? La. Lilikuwa ovu tangu mwanzo, na sheria ilikuja nyuma yake ikitweta. Asubiriye sheria imwambie lililo ovu atalitenda kwa miaka kadhaa kabla hajakatazwa.

Hata hivyo tusiwe wakali kupita haki. Si kila kosa ni dhambi. Hapa nadhani imetupasa kutenga mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kukosea. Mtu ametumia akili yake, amejaribu kazi yake, amempa mwenzake aikague, na bado kasoro imepita. Huyu ni mwanadamu, na dawa yake ni kusahihisha na kuomba radhi. La pili ni kupuuza. Mtu alijua kwamba mtandao hukatika, akasema, “Hilo tutalitazama baadaye,” na baadaye haikuja. Huyu ana lawama, hata kama hakukusudia ubaya, kwa sababu alilipia urahisi wake kwa fedha ya mwingine. La tatu ni kuficha au kudanganya. Mtu anajua kwamba tarakimu si kweli, na anamwacha asiye na hatia alipe, alie, au afungwe. Huyu ni mdhalimu, na haimsaidii kusema kwamba ni mashine iliyosema uongo, maana mashine haikuwa na ulimi ila ule aliopewa.

Tazama kwamba kosa la kwanza likifichwa hugeuka kuwa la tatu. Kasoro iliyoandikwa kwa bahati mbaya asubuhi huwa dhuluma jioni, ikiwa aliyeiona amenyamaza. Ndiyo maana naamini kwamba wema wa kwanza katika kazi hii si ustadi, ingawa ustadi ni lazima. Wema wa kwanza ni kuthubutu kusema, “Nimekosea,” na kuuliza swali ambalo wakubwa wangependa lisiulizwe. Wazee walisema kwamba kuuliza si ujinga. Nami nathubutu kuongeza kwamba mara nyingine kutouliza ni woga uliovaa joho la adabu.

Huenda ukaniuliza, “Mwalimu, na mkate wangu je? Nikisema nitafukuzwa, na nyumbani kuna wadogo zangu wanaotaka karo.” Swali hili si dogo, wala silidharau, mimi pia naishi kwa mshahara. Sikwambii kwamba kila neno la kweli hulipwa kwa tuzo. Nakwambia kwamba kati ya kunyamaza na kufukuzwa kuna njia nyingi ambazo mwoga hazitazami. Unaweza kuandika barua yenye tarehe. Unaweza kuonyesha hesabu ya hasara itakayoipata kampuni yenyewe jambo likifichuka, kama ilivyofichuka habari ya Posta ya Uingereza. Unaweza kuleta dawa pamoja na ugonjwa, maana mkubwa hulipenda zaidi tatizo lililokuja na suluhisho lake. Na mahali ambapo njia zote hizo zimefungwa, ambapo mtu huambiwa aidha aibe au aondoke, basi ustadi aliojifunza utampatia kazi kwingine, lakini jina likiisha kuoza halipatikani dukani.

Wala usidhani kwamba kazi hii ni hatari tupu. Ina baraka kubwa. Walikuwako watu katika nchi yetu waliotuma fedha kwa mama zao ndani ya bahasha mkononi mwa dereva wa basi, wakiomba Mungu ifike. Leo fedha hufika kabla mtumaji hajakirudisha kitambaa mfukoni. Tena ipo programu fupi inayokuonyesha jina la mtu unayetaka kumtumia fedha, ili uzuie kama umekosea namba. Maagizo machache tu, lakini fikiri ni machozi mangapi yaliyozuiliwa nayo! Aliyeyatunga hajui majina ya watu aliowaokoa, nao hawajui lake. Wema wa kazi hii huenda gizani kama ubaya wake, na yule autendaye hapigiwi makofi. Hiyo ndiyo alama ya wema wa kweli.

Basi nani abebe kosa la mashine? Jibu langu ni kwamba kila mtu aliyeweza kuona na akaweza kusema hubeba mzigo kwa kadiri ya kuona kwake na kwa kadiri ya uwezo wake wa kusema. Mkubwa wa kampuni hubeba zaidi, kwa kuwa sauti yake hufika mbali. Mhandisi hubeba wake, kwa kuwa jicho lake limekaribia kuliko macho yote. Hakimu, mwandishi wa habari na mwalimu nao hubeba, wanaposema bila kuchunguza kwamba mashine haikosei. Mimi nimekwisha kukuonyesha fungu langu. Mashine peke yake ndiyo isiyobeba kitu, kwa sababu haina bega.

Msomaji kijana, ukijaliwa kuipata kazi hiyo uitamaniyo, ifanye kwa bidii na uifurahie, na mshahara wake ukufae wewe na jamaa zako. Lakini kabla hujamaliza kazi ya siku na kuzima kompyuta yako, jiulize kama tarakimu ulizoziacha ndani zinaweza kusimama mbele ya watu ambao hutawaona kamwe. Ukuta wa shangazi yangu umekwisha kupakwa chokaa mara mbili tangu mwaka ule. Bado hukopa, bado hulipa, na kila jioni huchukua kaa la jiko akachora mstari wake. Siku hizi nikimtembelea huniomba nimsaidie kuhesabu, nami huanza na ukuta kwanza, ndipo nitazame simu.